Nilijificha Nyuma ya Inshallah

Nimemkosea mtu aliyemwogesha mama yangu. Naanza na hilo, maana nikianzia mbali nitaanza kujitetea, na kujitetea ndiko kulikonifikisha hapa.

Jina langu niachieni. Nimeshavuka miaka arobaini, nilizaliwa Tabata, nikasoma mpaka kidato cha nne, na tangu hapo miguu yangu haijatulia. Nimeuza mitumba kwenye minada ya Katavi, nimebeba magunia ya korosho Mtwara, nimekaa Kigoma mpaka nikaanza kuongea kama wao. Kila nilikokwenda nilipakumbuka nyumbani. Kila niliporudi nyumbani nilitamani kuondoka. Ndivyo nilivyo, jamani, sijui nani aliniroga!

Mama alikuwa fundi cherehani, nami mwanawe wa pekee. Nimelala na kuamka kwa sauti ya ile cherehani yake nyeusi ya miguu. Trrr, trrr, anasimama, anakata uzi kwa meno, trrr tena. Hata huko mbali, mvua ikigonga bati kwa namna fulani, nilikuwa naisikia.

Nyumba tulipanga. Sie chumba cha mbele, dada Zuhura chumba cha pili. Alikuja pale akiwa bado msichana, mama akamfundisha kushona, akageuka mtu wa nyumbani. Mie aliniita "mdogo wangu", ingawa ananizidi miaka michache tu.

Siku mkono wa mama ulipokataa kushika mkasi, aliniita akaniambia, "Hii cherehani ni yako sasa. Mie basi." Baada ya mkono ukafuata mguu. Kiharusi kikamlaza upande mzima.

Nilirudi, nikakaa naye kidogo. Kidogo tu! Miguu ikaanza kuwasha. Jamaa wa minadani akanipigia simu, akasema kuna safari ya Tunduru. Wiki hiyohiyo dada Zuhura akapata kazi ya mshahara kwenye karakana ya kushona nguo, Mabibo. Kazi aliyoililia miaka.

Nilimkuta mlangoni, begi langu likiwa begani.

"Mdogo wangu, Jumatatu mie naanza Mabibo," akasema. "Naona na wewe una begi. Mama anabaki na nani? Na kuku?"

"Usiende, dada. Kaa na mama. Ukimtunza mpaka mwisho, cherehani ni yako."

"Unasema kweli, au haya ni maneno ya mtu anayewahi basi?"

Nikamwapia kuwa nasema kweli. Tukaongea mawili matatu mengine, nikapanda bodaboda nikaenda zangu.

Zuhura hakwenda Mabibo. Alimlisha mama uji kwa kijiko. Alimgeuza kitandani asiote vidonda, akamfulia mashuka, akamsuka nywele hata alipokuwa hawezi tena kusema asante. Mie nilikuwa napiga simu. Nikipiga naambiwa mama hajambo, nikikata najisikia mwana mwema!

Mama alipofariki, nilifika siku moja baada ya mazishi. Zuhura hakunisema. Alinipikia.

Chumba cha mama kikapata mpangaji mwingine, nami nikapanga Vingunguti. Lakini kila siku nilikuwa nakwenda Tabata kukaa kwenye ile baraza, kumwangalia Zuhura akishona. Alikuwa amepata oda ya sare za shule, vitambaa vya bluu vimejaa mpaka kwenye dirisha. Trrr, trrr. Nilikuwa nafumba macho nikamwona mama.

Hapo ndipo shetani aliponikalia. Nikaanza kufikiria safari nyingine, na safari hii nilitaka niondoke na kitu cha mama. Kanga zake zilizikwa naye, nyingine zilishagawiwa. Kilichobaki ni cherehani. Nikajiambia, mama alinipa mie, kwa mdomo wake. Ningekuwa na akili ningeona hapohapo kwamba mie niliamini neno la mdomo lilipokuwa la kunipa, nikalikana lilipokuwa la kutoa!

Ijumaa, Zuhura akiwa msikitini, nilikuja na guta la kubebea mizigo. Nikafungua mlango kwa ufunguo alionipa mwenyewe, niwe napumzika nikimsubiri. Nikapakia, nikaondoka. Vitambaa vya bluu nikaviacha sakafuni.

Alinifuata Vingunguti jua likiwa bado kali, baibui limejaa vumbi.

"Cherehani iko wapi?"

"Ya mama ni ya mwanawe, dada."

"Na ulichoniambia mlangoni?"

"Aa, yale yalikuwa maneno tu. Tuliandikishana wapi?"

Akanitazama. "Maneno tu," akarudia taratibu, kama anajifunza lugha ngeni. Akageuka akaenda.

Nami je, nilifaidi nini? Sijui kushona hata kifungo! Nilikaa kwenye kiti, nikakanyaga. Ikazunguka, lakini sauti ilikuwa nyingine kabisa, kavu, kama mtu anayesaga meno. Na Zuhura huko Tabata alikuwa anarudisha vitambaa vya watu, maana shule zinafunguliwa na watoto hawana sare.

Nikaitwa ofisi ya serikali ya mtaa, Tabata. Alikuwepo mwenyekiti, na pembeni yake mama mmoja msaidizi wa kisheria, mchangamfu, mwenye miwani aliyoitundika shingoni kwa kamba ya kiatu.

Nilikuwa nimejipanga. Nikaanza kwa kukana. "Mwenyekiti, mie sikumbuki kuahidi kitu. Labda tulitaniana. Sie ni kama ndugu."

Zuhura akasema, "Uso mkavu huo, na wewe!"

Yule mama akaniuliza kwa upole, "Kwa hiyo hukumwambia chochote kuhusu cherehani?"

Nikaona mwenyekiti ananitazama vibaya. Nikatoa silaha yangu. "Hata kama nilisema, nilisema inshallah!"

Niwaeleze. Mie ni Mkristo, lakini Dar neno hili ni la wote. Kwa mwenye imani ni neno zito. Kwa sie wababaishaji ni mlango wa uani. Fundi akikwambia kabati litakuwa tayari kesho inshallah, kesho unabaki kwako. Ukialikwa harusi usiyoitaka, unasema inshallah. Nilijua kila mtu pale ofisini ananielewa.

Yule mama akavaa miwani yake. "Aha. Kumbe unakumbuka."

Jamani! Nilitamani sakafu ipasuke. Nilikuwa nimejifunga kwa kamba yangu mwenyewe.

Zuhura akasimama. Hakupaza sauti. "Inshallah uliisema, sikatai. Nilikuuliza, utarudi lini? Ukasema, inshallah dada, nitarudi. Mie nikajua hurudi, na hukurudi. Lakini ya cherehani nilikuuliza mara mbili, unasema kweli? Ukasema, ni yako, tumemalizana. Hapo hukusema inshallah. Kama ungeisema, Jumatatu ningekwenda Mabibo."

Kila neno lilikuwa kweli. Nilikuwa nimeinyanyua inshallah kutoka sentensi moja na kuipachika kwenye nyingine. Neno la Mungu nimeligeuza kiraka!

Nikang'ang'ana bado, nikasema hakuna karatasi, hakuna saini.

Yule mama akacheka kidogo. "Baba, ukimwalika mtu pilau Jumapili, akafika akakuta umefunga mlango, atakushitaki?"

"Hawezi."

"Hawezi. Atakusema tu mtaa mzima. Ule ni ukarimu, hamkukusudia kufungana. Na mambo mengi ya nyumbani, ya ndugu na majirani, sheria inayaacha hivyohivyo. Lakini wewe ulimwekea dada huyu kitu mezani, ukamtajia na sharti. Fanya hili, upate hili. Akauliza kama ni kweli, ukamhakikishia. Akakubali. Akaacha kazi, akafanya yote mpaka mwisho. Mko watu wazima, wenye akili zenu, hakuna aliyemlazimisha mwenzake, na kumuuguza mama si jambo baya. Huo ni mkataba. Kuna vitu kama ardhi, hivyo sheria inataka maandishi. Cherehani si kiwanja. Karatasi hapa ingesaidia tu kuthibitisha, na wewe umeshathibitisha mwenyewe."

Mwenyekiti akaongeza, "Sie hapa tunasuluhisha, hatuhukumu. Ukiona umeonewa, mahakama ya mwanzo ipo. Nenda kawaambie na wao ulisema inshallah."

Watu waliokuwa wanasubiri kwenye benchi nje wakaangua kicheko. Kicheko hicho bado kinanifuata, nikipita sokoni nakisikia.

Nilirudisha cherehani kesho yake. Zuhura aliikagua, akaona mkanda umelegea, akaukaza. Akakaa, akakanyaga. Trrr, trrr. Sauti ya mama ilirudi palepale, chini ya mguu wake! Nikaelewa kwamba siku zote nilizokuwa nakaa pale barazani, nilichokuwa nakisikiliza ni mguu wa Zuhura.

Oda ya sare ilishapotea. Kazi ya Mabibo ilishachukuliwa na mwingine. Hivyo viwili sikuweza kuvirudisha kwa guta.

Sikusafiri. Mara ya kwanza maishani nataka kukaa mahali, na mahali penyewe hapanitaki. Juzi nilikwenda na suruali ya kukata, kisingizio tu. Zamani angesema, "We mdogo wangu, umekula?" Safari hii alisema, "Karibu, kaka," kama anavyomwambia mteja yeyote anayepita. Nikavuliwa undugu kwa neno moja.

Nikampa suruali. Nikasimama. Halafu nikasema nililokwenda kusema. "Dada Zuhura, nilikosa. Utanisamehe?"

Mguu wake haukusimama. Alipitisha kitambaa chini ya sindano mpaka mwisho wa mshono, akainama, akakata uzi kwa meno kama alivyofundishwa na mama.

"Inshallah," akasema.

Mie ndiye ninayejua kuliko ninyi nyote neno hilo lilikuwaga na maana gani nikilisema mie. Sijui lina maana gani akilisema yeye, na sithubutu kumuuliza.

Wenzangu, mnaowahi basi na begi begani, kama hamwezi kitu semeni hamwezi. Mkimwambia mtu "ni yako, tumemalizana", naye akaacha riziki yake kwa ajili ya neno hilo, mjue mmeshafungwa, hata kalamu haijaguswa. Na mkisema inshallah, mwombeni Mungu kweli.

Suruali ameniambia nifuate Jumamosi. Hakusema inshallah. Kwa hiyo nitakwenda.