Mwaka Baba na Baba Mdogo Walipogombea Kata Moja

Mwaka ule wa uchaguzi, ambao pia timu za Afrika zilikuja kucheza nchini kwetu, baba yangu na mdogo wake walichukua fomu za udiwani. Kata moja, chama kimoja. Mimi nilikuwa nafundisha Nzuguni, na habari nilizipata kwa simu ya mama.

“Njoo Jumamosi,” alisema. “Hawa watu hawasalimiani.”

Nilipofika nyumbani Hombolo nilimkuta baba kwenye mizabibu yake. Ng'ambo ya mfereji alikuwepo baba mdogo kwenye ya kwake, wamepeana mgongo. Nilimwamkia baba, nikavuka kumwamkia mdogo wake. Niliporudi, baba aliniuliza, “Amekwambia nini?” Hakuwa amewahi kuniuliza hivyo tangu nizaliwe.

Aliyebanwa zaidi ni mama. Alikuwa mjumbe, mwenye kura kwenye kura za maoni za chama. Baba hakumwomba kura, aliihesabu kuwa yake. Baba mdogo, ambaye mama alimlea tangu darasa la pili, naye hakumwomba.

Siku ya kura nilikuja tena. Zilihesabiwa mchana ofisini kwa chama, madirisha wazi, sisi tusio wajumbe tumesimama nje juani. Msimamizi alisoma karatasi moja moja. Baba. Baba mdogo. Baba tena. Mgombea wa tatu. Nilihesabu kwa vidole hadi nikapotea. Mwishowe baba mdogo alishinda kwa kura moja.

Baba alitoka akampita mama bila kumtazama. Nyumbani, hata kofia hajavua, akamwuliza, “Ulimpigia nani?”

Mama alikuwa anapepeta uwele, wala hakuacha. “Kura ni siri.”

“Siri kwangu mimi?”

Mama aliinua ungo, akaingia nao ndani. Kuanzia siku hiyo baba alihamia kibanda cha shambani, akala huko na kulala huko. Mimi nilirudi Nzuguni kufundisha.

Wiki kadhaa baadaye majina yalirudi kutoka vikao vya juu. La baba mdogo lilikuwa limekatwa, ameteuliwa yule wa tatu. Siku hiyo nilikuwa nimekuja kusaidia kuvuna, redio ikichambua mechi ya jana iliyoitoa timu ya taifa mashindanoni. Tukamwona baba mdogo anavuka mfereji. Baba alikuwa na mkasi mkononi. Mama alisimama, nami nikaweka ndoo chini.

“Shikamoo, kaka. Wamenikata.”

Baba alikata kichala, akakilaza kwenye kreti taratibu. “Nimesikia. Kaa hapo. Wanaeleza tulivyotolewa.”

Akakaa. Tulisikiliza wote mpaka kipindi kikaisha.

Jioni, jikoni, nilimwuliza mama tukiwa wawili tu.

“Nilimpigia baba yako,” alisema.

“Sasa si umwambie?”

“Aliniuliza kama askari. Akiniuliza kama mume wangu, nitamjibu.”

Wiki ile baba alirudi kulala ndani. Hajauliza tena.