Ukaguzi wa Sajini Oola

Jeshi lilimfundisha Sajini mstaafu Tarcisio Oola jambo moja kubwa: kambi husafishwa siku tatu kabla mkaguzi hajafika. Siku nyingine zote, takataka nazo zina haki ya kuishi.

Basi alipoambiwa ana ugonjwa wa kisukari, akautibu kijeshi. Vidonge vya metfomini vilimchafua tumbo, na mlinzi wa geti la tajiri, kazi yake ya sasa kule mtaa wa Mbuya, hawezi kukimbilia choo kila nusu saa. Wezi hawana adabu ya kumsubiri. Akavifungia kwenye kopo la kiwi ya viatu. Zikibaki siku tatu aende kliniki, kopo linafunguliwa: kidonge asubuhi, kidonge jioni, chai kavu bila sukari, ugali wa posho wa kulamba tu. Nesi Zuleika anamtoboa kidole, anatazama mashine. "Afande, safi kabisa!" Oola anatoka kifua mbele, na njiani anajipongeza kwa soda mbili.

Mkewe Halimah, mjukuu wa askari wa Kinubi, alikuwa na ugonjwa wa tezi ya shingo. Yeye alimeza levothairoksini yake kila alfajiri, kwa maji, tumbo tupu, kisha akakaa nusu saa akiitazama chai kama mfungwa anayetazama lango.

"Mama Akram, kidonge saizi ya chawa ndicho kinachokuweka gadi?" Oola alimtania.

"Heri hiki, Baba Akram. Kimenirudishia nguvu za kukuvumilia. Na hicho kidole cha mguu, mbona cheusi?"

"Buti linabana. Wala hakiumi."

"Hapo ndipo ninapoogopa."

Safari hii kliniki ilikuwa na kipimo kingine. Zuleika hakumtoboa kidole. Alivuta damu mkononi. Majibu yalipokuja, neno "safi" halikusikika.

"Afande, kipimo hiki kinasoma sukari ya miezi mitatu iliyopita."

"Yote?"

"Yote. Na soda zako humo humo."

Oola akanywea kama kuruta aliyefumaniwa na kuku wa kanali.

"Sasa hii ni damu," akanung'unika, "au ni mpelelezi?"

"Vua buti, Afande."

Soksi ilikuwa imeganda, ikakataa kuvulika. Harufu ndiyo iliyotangulia kutoka.

Wodini walimweka kwenye sindano za insulini, akazipokea zote bila kukunja uso, kwa saa yake, kama askari wa mfano. Lakini weusi ulikuwa umeshapanda hadi kifundoni. Asubuhi ya upasuaji daktari alikuja na kalamu, akachora mstari chini ya goti la kushoto. Oola akaketi wima.

"Daktari, nipe siku tatu tu. Tatu. Utaukuta mguu huu unang'aa."

Daktari akafunika kalamu yake, akamgeukia Halimah.

Usiku uliopita Halimah alikuwa amepiga kiwi mabuti yote mawili, kwa mazoea tu, akayapanga chini ya kitanda cha wodini. Sasa akainama bila kumtazama mumewe, akalitoa la kushoto, akalitia kwenye mfuko wa kwenda nalo nyumbani.