Waya wa Redio ya Bibi

Rafiki yangu, kama umewahi kupanga ghorofa utanielewa. Huu ni mwezi wa pili nahangaika kutafuta antena ya redio ya masafa mafupi, mtu mzima na akili zangu, hapa Kiseke, ghorofa ya tatu. Majirani wameshanibatiza Mama Redio. Fundi wa kule mjini Nyamagana aliifungua, akapuliza vumbi, akafukuza mende wawili, kisha akaniambia, "Redio yako nzima, mama. Tatizo ni ghorofa. Zege na nondo zinazuia mawimbi." Akanipa njia tatu: waya mrefu upandishwe mpaka kwenye tenki la maji juu ya paa, fimbo ndefu itokeze nje ya kibaraza, au waya uzungushwe kwenye fremu ya dirisha. Wa paani ndio wenye nguvu, alisema. Mwenye nyumba akanikatalia hata salamu hatujamaliza. "Radi za Mwanza huzijui? Kwenye paa langu, hapana!" Fimbo niliifunga, na kesho yake nikakuta jirani ameianikia shuka. Basi limebaki dirisha.

Redio yenyewe ni ya Bibi mzaa mama, aliyenilea Kisesa. Bibi alikuwa Mhaya, ameolewa Usukumani akiwa binti mdogo, na mpaka anazeeka Kiswahili chake kilinukia ng'ambo ya ziwa. Kule alibaki kaka yake, ambaye ndiye aliyemlea Bibi kwa kumbeba mgongoni mama yao alipofariki. Kila msimu wa senene huyo kaka alimtumia kwa meli kopo la senene, wale panzi wa kukaanga, na mkungu wa ndizi. Siku hiyo michembe yetu ya viazi vikavu iliwekwa kando, nyumba ikanukia ndizi za kupika, na Bibi akaimba kwa lugha yake huku akimenya. Sisi wajukuu hatukuelewa neno hata moja, lakini tulijua leo hapigwi mtu.

Antena ya Bibi haikuwa ya kuchagua dukani. Marehemu Babu alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akapata waya wa shaba uliotolewa kwenye mota iliyoungua. Aliufunga juu ya mlingoti wa mkonge nyuma ya jiko, ukapita juu ya paa la bati bila kuligusa, ukaingia dirishani mpaka kwenye redio. Jua likiwaka, ulimeremeta kama dhahabu. Kila jioni, kabla ya kufungia mbuzi, ulifika wakati wa matangazo ya vifo. Bibi alikuwa akiinua kidole tu, na wote tunanyamaza, hata mchi unasimama kinuni. Fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Bibi alisikiliza mpaka jina la mwisho, ndipo akashusha pumzi. "Asiye na redio," alikuwa akisema, "watu wake huzikwa na wengine."

Nilikuwa darasa la nne. Shuleni wasichana walikuwa wameshikwa na ugonjwa wa bangili za shaba, na asiyekuwa nayo hakuchaguliwa hata kwenye mchezo wa rede. Mimi sikuwa nayo. Jumapili moja Bibi akiwa kanisani, nilipanda juu ya kinu nyuma ya jiko, nikaukata ule waya kwa kisu cha kumenyea ndizi. Nilichukua kipande kama pima mbili hivi. Ncha iliyokuwa mlingotini niliiacha, na iliyoingia dirishani niliiacha, ili mtu akitazama akiwa sebuleni aone waya upo. Akili ya mtoto, jamani! Nikasokota bangili tatu. Mbili nikavaa shuleni. Ya tatu, iliyonyooka kuliko zote, nikampa Bibi, nikamwambia nimefundishwa na mwenzangu. Aliivaa palepale, akaugeuza mkono huku na huku, akacheka. "Mjukuu wangu ananivisha kama bibi harusi."

Jioni ile redio ilikoroma tu. Bibi alidhani ni betri, akazianika juani siku nzima pamoja na dagaa. Kesho yake ikakoroma. Jirani yetu mwalimu akaja, akazungusha vitufe, akaipiga kofi mgongoni, akasema hali ya hewa si nzuri. Nami nimekaa hapohapo kwenye kigoda, bangili zangu nimezificha ndani ya mikono ya sweta. Ningeweza kusema. Nilikuwa na wiki mbili nzima za kusema.

Ndipo akaja mtoto wa yule kaka yake Bibi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakumwamkia. Alisimama mlangoni akasema, "Shangazi, baba tumeshamzika. Tulitangaza siku tatu mfululizo. Tukasubiri meli ya kwanza, tukasubiri ya pili. Maiti haisubiri, Shangazi." Bibi aliweka mikono kichwani akapiga yowe, na ile bangili ikateleza mpaka kwenye kiwiko. Hata leo nikifumba macho naiona. "Redio ilikuwa inaumwa, mwanangu," alikuwa akisema, "redio ilikuwa inaumwa." Yule kijana akamtazama, akaitazama redio iliyotulia juu ya kabati na waya wake dirishani. Hakuamini. Alikunywa maji, akaondoka.

Tangu hapo senene hawakuja tena, wala ndizi. Maneno ndiyo yaliyotufikia: ameolewa Usukumani akatusahau, ameshindwa hata kumtupia kaka yake udongo. Watu husema majuto ni mjukuu. Nyumbani kwetu mjukuu huyo alikuwa anakula ugali sahani moja na Bibi, na anajua kila kitu, na amenyamaza.

Bibi alifariki mwaka jana, hapa mjini, mikononi mwangu. Siku mbili kabla, aliivua ile bangili, akanikunjia vidole juu yake. "Waya wako huu," akasema. "Urudishe." Hakusema bangili. Alisema waya. Miaka yote ile, rafiki yangu, alikuwa anajua, na akaivaa.

Siku hizi vifo havitangazwi kama zamani. Niliandika kwenye kundi la ukoo la simu, na kabla sijaweka simu chini watu wa ng'ambo wote walikuwa wameshasoma. Hakuja hata mmoja. Mtoto wa kaka yake, sasa mzee mwenye mvi, aliandika mstari mmoja: "Naye hakuja kwa baba." Nilikuwa nimeishika simu. Nilichotakiwa kuandika ni maneno manne tu: ni mimi niliyeukata waya. Nikaandika, "Amina."

Jana jioni niliinyoosha ile bangili, nikaiunga kwenye waya wa dirishani, nikawasha. Mkoromo uleule, kisha sauti ya mtu ikapita katika lugha nisiyoijua, ikapotea. Nilikaa kimya mpaka ile saa ya zamani ya matangazo ya vifo ikaisha, kama Bibi alivyotufundisha. Hapakutajwa mtu. Na nikajiambia ukweli, maana hapakuwa na mwingine wa kuniambia: Bibi hakunituma kutafuta antena. Namba ya yule mzee ninayo kwenye simu, na nimezunguka mji miezi miwili kwa ajili ya waya ili nisiipige. Hata sasa ninapokusimulia, sijaipiga.