Samaki wa Mkuyu

Harufu ya rangi ya kucha hainikumbushi saluni. Juzi nilikuwa nimekaa kwa msusi wangu hapa Kihesa nasubiri zamu, binti mmoja kando yangu akafungua kichupa chekundu, na ile harufu kali ilipopanda puani sikuona tena kioo wala mashine za kukaushia nywele. Niliona mfereji mkuu wa Madibira, maji yake ya rangi ya chai ya maziwa, na mkono wa shangazi yangu Kabula ukimpaka samaki wa mti mgongoni, taratibu, ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo.

Mtaniuliza samaki wa mti ndiye samaki gani. Nitafika.

Sisi ni Wasukuma. Babu na baba walishuka Usangu na ng'ombe kabla sijazaliwa, wakajenga mwendo mfupi tu kutoka kwenye mashamba ya mpunga. Kwetu ng'ombe ndiye aliyeulizwa hali kwanza asubuhi, kisha watu. Samaki hakuwa chakula. Baba alisema kambare ananuka tope na anayemla atanuka vilevile, na chombo kilichopikiwa samaki hakikuruhusiwa kuvuka kizingiti cha nyumba yake. Mama, aliyezaliwa ziwani na kulelewa kwa sato, alikaa na amri hiyo miaka yote bila kusema neno.

Shangazi Kabula, mdogo wake baba, alirudi nyumbani msimu wa mavuno, nikiwa darasa la nne. Alitoka Mtera, kule bwawani, alikoolewa na mvuvi. Alishuka kwenye lori la mpunga akiwa na begi moja, kucha nyekundu, na sikio la kushoto lisilosikia. Kila mtu mzima pale kwetu alijua ni kofi la nani lililoliua sikio lile. Lakini kilichosemwa kwa sauti kilikuwa kucha.

"Mwanamke ameacha mji wake, halafu vidole kama ametoka kuchinja kuku," bibi alinung'unika, na kesho yake akarudia, maana mara ya kwanza alikuwa ameketi upande wa sikio la shangazi lililokufa.

Mimi nilimpenda siku ileile. Aliniita mayu, kwa Kisukuma chetu, yaani mama, na alinijibu maswali kama vile nami ni mtu mzima.

Ndani ya begi alikuwa na samaki wa plastiki, chambo cha bandia cha kuvulia, aliyevunjika mkia, mdogo, urefu wa kidole. Alimkuta amenasa kwenye nyavu za mumewe. Wageni waliokuwa wakija bwawani kuvua kwa kujifurahisha walikuwa wamempoteza majini. "Nilimpasua nione tumbo lake lina nini," aliniambia. "Hiki ndicho kitu pekee cha maana nilichojifunza kwenye ndoa ile." Alicheka, nami nikacheka, bila kujua tunacheka nini.

Tukaanza kuchonga. Yeye alitaka mti wa mkuyu, kwa kuwa ni mwepesi na kisu kinaupita bila kugombana nao. Tulikata tawi kavu kando ya mto, tukakaa nyuma ya zizi, na samaki akatokea kidogo kidogo ndani ya kuni. Tumboni tulimpitisha spoki ya baiskeli iliyokunjwa kitanzi huku na huku, kitanzi cha mbele cha kufungia mshipi, cha nyuma cha kuning'iniza ndoana. Macho tuliyachoma kwa msumari wa moto. Moshi wake ulinukia vizuri kuliko chakula chochote kilichopikwa pale.

Samaki wetu wa kwanza alielea chali kwenye beseni kama mlevi. Wa pili, tuliyemtia kipande cha msumari tumboni, alisimama wima, lakini ukimvuta alikuja kama gogo, bila uhai wowote. Shangazi alimgeuza geuza yule wa plastiki, akaona kilichotupita. Chini ya kidevu chake kulikuwa na kitu kama ulimi uliotokeza mbele. Akakata bati la kopo la samli, akalichomeka hapohapo. Tulipomvuta tena kwenye beseni, samaki aliinamisha kichwa, akazama, akaanza kutikisa kiuno kushoto kulia, kushoto kulia. Nilipiga kelele hadi ndama wakashtuka.

Kilichobaki kilikuwa rangi. Ile ya duka ilivimba na kubanduka ikishalowa. Ndipo shangazi alipotoa vichupa vyake vya kucha. Alimvisha samaki kipande cha mfuko wa wavu wa vitunguu, akagongagonga rangi ya fedha juu yake kwa sponji, na alipouvua wavu, samaki alikuwa na magamba. Kisha mgongo mwekundu. Alibaki akimtazama kwa muda. Halafu, kwa rangi iliyobaki kwenye brashi, akapaka kucha ya kidole changu kidogo. Jioni alinisugua kwa mafuta ya taa kabla baba hajarudi na ng'ombe. Zake hakuzisugua.

Watu walivulia kwenye geti la mfereji, pale maji yanapoanguka na kambare kujazana chini. Palikuwa pahala pa vijana wa kiume na minyoo yao. Siku tuliyofika, mmoja aliuliza, "Dada, huyo ni samaki au mdoli?" Mwingine akasema mwanamke akirusha mshipi pale samaki watahama. Shangazi alifunga kanga kiunoni, akazungusha mshipi, akarusha mbali, akaanza kuvuta mkono baada ya mkono. Mara ya kwanza hakupata kitu, wakacheka. Akarusha tena. Wakaendelea kucheka. Akarusha, akarusha, mpaka wakachoka kucheka, na alipokuwa hachekwi tena, mshipi ukavutwa kwa nguvu hata ukamchana kiganja. Kambare akatua majanini akipiga mkia. Kijana mmoja wa minyoo alisogea, akamtazama samaki wetu wa mti mdomoni mwa kambare, akauliza kwa heshima kama anauzwa.

Habari zilifika nyumbani kabla yetu. Baba alikusanya samaki wote tuliowachonga, akawatupa jikoni, kwenye mafiga. Rangi ya kucha inawaka vibaya sana. Ilifoka moto na kunuka, nami nililia kwa sauti.

"Dada yangu hatanitia aibu na wahuni wa mferejini," baba alisema.

Shangazi hakulia. Asubuhi nilimkuta amechuchumaa kwenye majivu anachambua. "Spoki zimepona," aliniambia. "Bati nalo limepona. Ndoana zikipita motoni zinalegea, hizo tupa. Lete kisu, mayu." Tukachonga wengine. Baba akachoma tena. Tukachonga tena, na safari hii shangazi aliwatundika kwenye kamba ya kuanikia nguo, mbele ya mlango, kila mpita njia awaone. Hao baba hakuwachoma. Nadhani alihofia kwamba watu wangekuja kutazama.

Ndipo baba akatuma ujumbe Mtera waje kumchukua mke wao.

Walikuja watatu, kaka wa mume na wazee wawili. Walikaa uani kwenye viti vya plastiki, wakapewa maziwa. Mimi na shangazi tulitoka mferejini na kambare mkubwa, tukawakuta wameshakaa. Shangazi alipiga magoti, akawaamkia wote vizuri, shikamooni, za safari. Kisha, badala ya kwenda kukoga na kubadili nguo kama alivyoambiwa, alivuta ubao, akaketi palepale mbele yao, akaanza kumpasua samaki.

"Shemeji," alisema yule kaka wa mume, "mwenzio anakusubiri. Ametambua kosa lake. Nyumba imepoa."

"Nimesikia, shemeji. Nimesikia kwa sikio moja, ndilo mlilonibakizia."

Wazee wakatazama maziwa yao.

"Sirudi," alisema, na kisu kikaendelea kufanya kazi.

Baba alisimama. "Hurudi! Na hapa kwangu utakula nini?"

"Atakula samaki," nilisema mimi.

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Mtoto wa kike wa kwetu hakusema mbele ya wageni, achilia mbali kumjibu baba yake. Baba alinigeukia, nami nikafumba macho kungoja kofi. Badala yake nilisikia mlango. Nilipofumbua, mama alikuwa ametoka na sufuria yake ya ndani, ile ya mboga, na chupa ya mafuta. Alipanga mafiga palepale uani, mbele ya wageni, akawasha moto, akamnyooshea shangazi mkono ampe vipande. Alikaanga kambare katika mji wa baba, kimyakimya, huku moshi ukimfuata mumewe kila alikohamishia kiti.

Mzee mmoja wa Mtera hatimaye alikohoa, akauliza kama mkia una mwenyewe. Akapewa. Aliula wote, akanawa, akasema jua linakwenda na magari ya kwao ni ya shida. Wakaondoka kama walivyokuja, watatu.

Baba hakuomba radhi, siku ile wala nyingine. Hakuzungumza na mama kwa muda mrefu, kisha akazungumza naye. Shangazi alikaa nasi mpaka alipopanga chumba chake Chimala, na mpaka leo vijana wanamfuata pale sokoni kununua samaki wake wa mkuyu.

Mimi nilikua nikiamini kwamba shangazi alizaliwa bila woga. Niliitumia imani hiyo vibaya. Kila nilipotetemeka mbele ya watu waliokwisha kuniamulia, nilijidharau, nikajiona si wa ukoo wake. Mwaka jana alikuja kunitembelea, nikamwambia.

Alinitazama kwa mshangao. "Mayu, unadhani nilimpasua kambare yule kwa ubishi? Mikono ilikuwa inatetemeka. Nilishika kisu ili wasiione. Neno 'nitarudi' lilikuwa limeshafika hapa." Aligusa koo.

Kisha nikamuuliza, na wakija tena leo?

"Nitatetemeka tena," alisema shangazi Kabula. "Na nitakataa tena."