Taa ya Kijani ya Keshero

Zamani mtu wa mtaa wa Keshero aliamini mwenge wa tete ulioshushwa chini ya goti, na leo anaamini taa iliyofungwa juu ya nguzo ya chuma.

Mwenge ule ulikuwa wa mzee Akonkwa. Miaka thelathini, kila alfajiri, alishuka nao katika bonde dogo la mawe ya volkano ambamo wanawake hulima mboga ya lengalenga, akiupitisha karibu na udongo. Ukizimika, alijua mazuku yamelala hapo: ile hewa nzito ya volkano isiyo na rangi, inayomuua mbuzi kabla hajalia. Alisimika tawi la mkalitusi, na hakuna aliyeshuka kulima mpaka upepo wa ziwa uje, naye aling'oe.

Wakaja watafiti na kipimo chao kinachokula jua, wakakiweka bondeni, karibu na udongo. Kikikuta gesi, taa nyekundu, kisipoikuta, kijani. Akonkwa hakukichukia. Siku ya tatu mbuzi walikipiga pembe kikaanguka, na Josias, kijana wa watafiti, akakipandisha juu ya nguzo ya chuma, usawa wa kifua.

"Ingénieur, shusha hiyo kitu," Akonkwa alimwambia. "Mazuku haisimame. Inalalaka chini."

"Muzee, ulisomea wapi?"

"Kwa mbuzi wenye walikufa."

Watu wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni Dorine, binti yake, ambaye watafiti walikuwa wamempa kofia na kazi ya kuandika rangi ya taa kila asubuhi kwa Kifaransa, vert ikiwa kijani.

"Papa anaonea machine wivu! Anaogopa kupoteza kazi yenye hakuna mutu alimupatia."

Chef wa avenue, mkubwa wa mtaa, akaupiga mwenge marufuku, eti moshi unaharibu kipimo. Matawi ya mkalitusi wakayapikia maharagwe.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja ukungu ulikaa na jani halikutikisika. Akonkwa aliwasha mwenge kwa siri, akaushusha kutoka ukingoni hadi udongo wa bonde. Ukafa kama uliotiwa majini. Ndipo akawaona Dorine na mdogo wake Olive, tayari wako chini na vikapu vyao.

"Musiiname! Mupande haraka!"

"Papa, ona taa, ni vert!" Dorine alijibu. "Rudi kwa kitanda!"

Olive, ambaye tangu utoto hakuwahi kumkaidi, alimtazama baba yake, akaitazama taa, kisha akamtazama dada yake, akacheka naye.

Mzee akaanza kushuka. Wanaume wawili wakamshika mikono, wakisema asiwaaibishe mbele ya wageni. Walimshika vizuri.

Saa nne watu walishusha kamba. Daftari la Dorine lilipanda kwanza, lina neno moja la siku hiyo: vert. Miili ilipofuata, Akonkwa aliipa kisogo, na hata kaburini hakukubali afunuliwe nyuso zao.

Kwa hiyo mara ya mwisho alipowaona ilikuwa vile, kutoka ukingoni, mikono yake imeshikwa: wasichana wawili chini ya taa ya kijani, bado wanamcheka, wakageuka, wakainama kuchuma mboga.