Mwandiko wa Barua Isiyo na Jina

Nakumbuka siku niliyosema ndiyo. Ilikuwa saa ya chai, nikiwa hedimasta wa shule moja karibu na mtaa wa West Indies hapa Eldoret. Bwana mmoja mwenye kauli katika ofisi ya elimu alinijulisha kwamba cheo cha afisa wa elimu wa mji kiko wazi na jina langu liko juu. Ila kwanza niandike kwamba uwanja ulio nyuma ya shule hauhitajiki tena. Wakati huo, mwanangu, Wazungu walikuwa wanauza mashamba na kuondoka, na kila mtu alikuwa anatafuta ardhi, hata vipande vya shule. Nilijua uwanja ule unahitajika, maana watoto wa darasa la tatu walikuwa wanacheza humo mbele ya dirisha langu. Niliandika.

Nikapewa meza kubwa na shule zote za mjini. Lakini kwa kuwa nilijua nilivyokipata kile kiti, niliamini kila mwalimu anajua pia. Nikiingia mahali wakanyamaza, niliona walikuwa wananisema. Wakiendelea kuongea, niliona wananidharau.

Kisha ikaja barua isiyo na jina, nakala yake imeshapelekwa Nairobi. Ilieleza habari za uwanja, na kila neno lilikuwa kweli. Mimi sikushughulika na ukweli wake. Nilimtafuta mwandishi. Nikaagiza madaftari ya maandalio ya masomo ya walimu wote, eti ni ukaguzi, nikakaa siku tatu nalinganisha herufi. Nikaishia kwa Odhiambo, naibu wangu wa zamani, mtu wa Ziwani niliyesoma naye chuo cha ualimu. Nikamwita.

"Umekuwa mkubwa hata chai hunipi?" akasema akicheka.

Nikamsukumia barua. "Huu mwandiko ni wa nani?"

Akaisoma polepole. "Ni wangu. Na ni wako. Kwani umesahau sote tulipigwa rula pale chuoni mpaka tukaandika hivi? Jikamate wewe kwanza, bwana."

Nilidhani ananikejeli. Nikapendekeza ahamishwe mbali nje ya mji, ikakubaliwa. Alikuwa anajenga nyumba, kuta zimesimama bila mabati.

Jioni nikamweleza mke wangu Rael, mwalimu wa darasa la kwanza, naye alipitia chuo kile kile. Nilieleza kwa majivuno. Akaweka sufuria chini.

"Baba Kiprono, si Odhiambo. Ni mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

"Nilikuambia kwa mdomo mara ngapi? Nilitaka wakutoe hapo kabla hujaharibika kabisa. Sasa kesho uende umrudishe huyo mtu."

Ningeweza kufuta uhamisho asubuhi iliyofuata. Sikufuta, kwa sababu ningeulizwa basi mwandishi ni nani. Nilijiambia namlinda Rael. Nilikuwa nalinda kiti, na yeye aliliona hilo kabla yangu.

Mwanangu, ukiitiwa cheo, uliza kwanza wanataka nini kwako. Kama ni jambo ambalo huwezi kulisema wazi mbele ya watu wa nyumbani kwako, likatae siku hiyo hiyo. Usiseme utapanda kwanza ndipo utengeneze. Mimi nilisema hivyo, na kila ngazi niliyopanda ilinipa sababu nyingine ya kunyamaza. Na ukijikuta unamshuku kila mtu, acha madaftari ya wenzako, jikague mwenyewe. Mungu akupe kazi isiyokufichisha uso, na akuzungushie watu wa kukuambia ukweli, nawe akupe masikio ya kuwasikia.

Nairobi hawakuifuatilia ile barua, nami nilistaafu na barua nzuri ya shukrani. Odhiambo hakunisalimia tena mpaka tulipomzika. Rael alienda kwao muhula ule ule ulipofungwa, akaomba shule huko, hakurudi. Kile cheo kilinigharimu rafiki yangu na mke wangu, na watoto wa shule ile hawana uwanja mpaka leo.