Kisu Kilichokataa Kukunjika Ukweni

Haya sijawahi kuyasimulia, na hata sasa uso unanichoma, lakini mmenibana niseme kwa nini niliikosa ile ndoa ya Rubya, nami nimechoka kuwadanganya kwamba mahari ilikuwa kubwa (hatukufika hata huko kwenye mahari).

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, mimi karani wa kupima kahawa Bukoba mjini, nina viatu, nina koti, nikaona kilichopungua ni kisu cha kukunja cha kutembea nacho kila siku. Mhindi wa dukani akaniwekea viwili mbele yangu. Kimoja cha wastani, mpini wa pembe, ukikisukuma kinajikunja, na kwa kukata kamba za magunia kilitosha kabisa. Cha pili kilikuwa shubiri nzima ya chuma, na kikishafunguka kinajikaza mpaka ubonyeze mahali fulani. Akanishauri nichukue kile cha wastani. Nikachukua kikubwa, na alipotaka kunionyesha pa kubonyeza nikamwambia najua, maana nyuma yangu walisimama watu.

Jumapili ile nikaenda Rubya na baba mdogo, mshenga wangu, kumposa Koku, tumebeba kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Karibu na nyumba kamba ya kibuyu ikalegea. Baba mdogo akataka kuchana nyingine mgombani kwa mkono, kama watu wote wanavyofanya, lakini mimi nikatoa kisu (jamani, kukata kamba ya mgomba kwa kisu cha kuchinjia mbuzi!), nikakata, tukafunga, halafu kisu kikakataa kukunjika. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, na tayari tunaitwa ndani. Baba mdogo akasema nikiache kwenye mibuni. Nikaona kitaibiwa, nikakisokomeza ndani ya mkono wa koti, mpini kiganjani, ncha kuelekea kiwikoni.

Basi nikaketi na mkono wa kulia umenyooka kama mti. Salamu nilizipita kwa kuinama sana. Kisha akaja Koku mwenyewe, akapiga magoti mbele yangu na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni na mgeni huipokea kwa mikono miwili. Nikapeleka mmoja. Wa kushoto. Mbele ya baba yake.

Baba mdogo, kwa kuniokoa, akasema nimeumia mkono, nami nikaitikia kwa kichwa. Mama mkwe kwa huruma akaagiza maji ya moto, na mzee akaja mwenyewe kunivua koti. Kisu kikaanguka kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, wazi, kinang'aa.

Mzee hakufoka. Alikitazama, akanitazama. "Mwanangu, nyumbani kwangu umeogopa nini?"

Nilikuwa na jibu, tena dogo sana, lakini kusema mbele ya Koku kwamba karani mzima ameshindwa kukunja kisu niliona ni aibu kubwa kuliko yote. Nikasema, "Hakuna, Tata," yaani baba. Tukaaga, na kibuyu tukakibeba kurudi nacho.

Baba mdogo alirudi peke yake mara mbili kuomba radhi na kueleza ukweli. Mzee alilegea, aliyekataa ni Koku. Miaka ikapita, tukakutana sokoni Muleba, yeye na mtoto mgongoni, na mimi nikajifanya mcheshi nikamuuliza kama kweli alimkataa mtu kwa sababu ya kisu.

"Si kisu," akasema. "Ungesema tu kimekushinda kukunja, tungecheka, ukala, ukanioa."

Nimeapa sitanyamaza tena kwa kuogopa kuchekwa, na leo ndiyo kwanza nakitimiza kiapo. Ila kiapo hicho nilikila nikiwa nimesimama sokoni, namtazama akichagua maharage ya kupikia nyumba ya mtu mwingine.